Makonyo ya Pemba na hesabu za Brussels

Chukua pakiti ya biskuti za vanila kwenye duka lolote la hapa Brussels, igeuze nyuma, usome. Utakuta moja kati ya maneno matatu: "ladha" tu, au "ladha ya asili", au "ladha ya asili ya vanila". Wengi wetu tukisoma lebo tunatafuta nguruwe na pombe, tukishaona hamna tunatia kapuni. Lakini baina ya maneno hayo matatu mna fedha nyingi, na mna jambo linalowagusa watu ambao babu zao walipanda mikarafuu Unguja na Pemba. Nao ni wengi wenu mnaosoma hapa, mkiwa Maskati, Dubai au Doha.

Nianze na maneno yenyewe. Ukiona "ladha ya asili ya vanila", kisheria angalau asilimia 95 ya ladha hiyo lazima iwe imetoka kwenye vanila yenyewe. Ukiona "ladha" tu, huenda asili yake ni petroli. Hiyo ya katikati ndiyo inayopendwa na wenye viwanda. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1334 ya mwaka 2008 inasema kiungo cha ladha ni cha asili kama kimetoka kwenye mmea, mnyama au kijidudu, na kimepatikana kwa kukamua na kuchuja, au kwa vimeng'enya, au kwa kazi ya vijidudu. Kwa hiyo ukichukua pumba za mchele, ukatoa kitu fulani ndani yake, ukawapa bakteria wakigeuze kiwe vanilini, vanilini hiyo ni "ya asili" japokuwa haijawahi kuliona shamba la vanila.

Na kampuni inayofanya hivyo ina makao yake hapa hapa mjini. Solvay, kampuni ya kemikali iliyoanzishwa na Ernest Solvay mwaka 1863, iliinunua Rhodia ya Ufaransa mwaka 2011, na ndani ya mzigo huo ikapata biashara kubwa ya vanilini. Desemba 2023 Solvay ikagawanywa mara mbili, na vanilini ikaenda kwa mtoto mpya anayeitwa Syensqo, naye wa Brussels. Wana bidhaa inaitwa Rhovanil Natural, inayotokana na asidi feruliki ya pumba za mchele, inayogeuzwa na vijidudu ndani ya tangi. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi juu ya vanilini ya China inayoingizwa Ulaya kwa bei ya kutupa, na mwaka 2025 ikaitia ushuru wa zaidi ya asilimia 100. Watu hawagombani namna hiyo kwa kitu kidogo.

Sasa karafuu inaingiaje hapa? Hebu turudi nyuma.

Vanilini ya kwanza ya kutengenezwa ilipatikana Ujerumani mwaka 1874, kazi ya Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliotumia utomvu wa misonobari. Baadaye ikapatikana njia nyepesi zaidi: yujinoli, yaani kile kitu hasa kinachoipa karafuu harufu yake na ukali wake. Yujinoli na vanilini ni ndugu, umbo la katikati ni moja, tofauti ni mkia tu. Tangu mwisho wa karne ya 19 hadi miaka ya 1930, vanilini nyingi ya viwandani ilitoka kwenye mafuta ya karafuu. Na aliyekuwa akiongoza dunia kwa karafuu wakati huo mnamjua. Unguja na Pemba, na Pemba zaidi, maana kimbunga cha mwaka 1872 kiliilaza mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika.

Karafuu ikachumwa, ikachambuliwa, ikaanikwa kwenye majamvi, ikatiwa magunia, meli ikaondoka. Waliochuma mwanzo walikuwa watumwa, hilo tusilifiche. Mwenye shamba alipata bei ya gunia, na bei hiyo alipangiwa na wengine. Faida ya kuigeuza karafuu kuwa kitu kingine ilibaki huko ilikogeuzwa. Halafu katika miaka ya 1930 Wamarekani wakajua kuitoa vanilini kwenye maji machafu ya viwanda vya karatasi, na baadaye dunia ikahamia kwenye petroli. Karafuu ikatolewa mchezoni, na hakuna aliyekuja Chake Chake kuuliza mnaonaje.

Leo walaji wanataka neno "asili" lirudi kwenye pakiti. Tatizo ni kwamba vanila ya shambani haitoshi: inatoa chini ya asilimia 1 ya vanilini yote inayotumika duniani, na ganda lililokaushwa vizuri lina vanilini kama asilimia 2 tu ya uzito wake. Kimbunga kikipiga Madagaska bei inapaa. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila ilipita dola 500, na miaka michache baadaye ikaporomoka vibaya. Mwenye kiwanda cha ice cream hawezi kupanga biashara namna hiyo, ndipo anapomgeukia bakteria.

Hapa ndipo moyo wangu unaposhtuka kidogo, kwa sababu njia ya pumba za mchele na njia ya karafuu zinakutana. Kuna bakteria wa jamii ya Pseudomonas wanaoweza kula yujinoli, na wanapoila wanaigeuza hatua kwa hatua mpaka inakuwa asidi feruliki, ile ile ya kwenye pumba. Kutoka hapo barabara ni moja hadi kwenye vanilini. Karafuu inaanza hatua chache nyuma, basi. Na kwa maandishi ya kanuni ya Ulaya, yujinoli iliyokamuliwa kwa mvuke ikageuzwa na vijidudu peke yao, bila kemikali ya njia ya mkato, nayo inaweza kubeba neno "asili".

Mbona basi kila mtu hafanyi? Muulize bibi yako. Jino likiuma alitia nini? Karafuu, au pamba iliyochovywa mafuta ya karafuu. Alikuwa anaua vijidudu. Yujinoli ni sumu kwa bakteria, na wewe unataka bakteria aishi humo ndani na afanye kazi. Ukimpa nyingi anakufa, ukimpa kidogo huna biashara. Vanilini anayoitoa nayo ni sumu kwake, kwa hiyo kadiri anavyofanikiwa ndivyo anavyojidhuru. Na la tatu ndilo linaloudhi zaidi: ukimwacha na njaa, anaigeukia ile ile vanilini na kuila, inageuka asidi nyingine isiyo na thamani hiyo. Ukichelewa kufunga tangi kwa saa chache, ushapoteza mali.

Kwa hiyo kazi yote ni ya kumlisha kwa kipimo na kwa wakati. Tone kwa tone, saa hii kiasi hiki, saa ile kiasi kile, hewa kiasi gani, joto kiasi gani, lini uanze kuichota vanilini isije ikamlemea, lini usimamishe. Kwenye majaribio yaliyochapishwa, walioanza na asidi feruliki wamefika zaidi ya gramu 10 za vanilini kwa kila lita. Unaweza kuliona dogo, lakini kwa kitu chenye sumu kwa anayekitengeneza si mchezo.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kazi ya siku mbili ndani ya tangi. Sema unamlisha mara 12 katika siku hizo, na kila mara una viwango vitano vya kuchagua. Idadi ya mipango inayowezekana ni 5 zidisha kwa 5 mara 12, nayo ni 244,140,625. Kila mpango ukiujaribu kwenye tangi moja kwa siku mbili, utamaliza baada ya zaidi ya miaka milioni moja. Na hapo hujagusa joto wala hewa. Mzoefu atapunguza kwa kukisia, kama mpishi anavyokisia chumvi, na zamani ndivyo viwanda vilivyofanya. Siku hizi unamwigiza bakteria ndani ya kompyuta.

Watu wakisikia hivyo wanadhani ni uchawi wa akili bandia. Sivyo. Unaandika milinganyo michache: anakua kwa kasi gani akiwa na chakula kiasi hiki, anakula kiasi gani, anatoa kiasi gani, sumu inampunguza nguvu vipi. Kisha unafanya majaribio ya kweli, pengine kumi au ishirini, uone namba za milinganyo hiyo ni zipi kwa bakteria wako. Ukishazipata, tangi la kwenye kompyuta linamaliza siku mbili ndani ya sekunde. Halafu unaiuliza: nipe mpango wa kulisha utakaonipa vanilini nyingi kabisa bila kumuua huyu. Wanahisabati wana njia za kutafuta lililo bora bila kupita kote, kama mtu anayepanda mlima gizani kwa kufuata mwinuko wa ardhi miguuni. Mpango unaopatikana ndio unaopelekwa kwenye tangi la chuma.

Mzizi mmoja wa milinganyo hii umeota Brussels. Pierre François Verhulst, mzaliwa wa mji huu, mwaka 1838 aliandika mlinganyo wa kitu kinachokua upesi mwanzoni kisha kinapunguza kasi kadiri nafasi na chakula vinavyokwisha, mpaka kinasimama. Kina mama mnaijua picha hiyo bila hesabu. Unga wa mkate wa kumimina ukishatiwa hamira unakaa kimya, ghafla unaumuka, halafu unafika mahali hausogei tena. Verhulst alikuwa akiwafikiria watu, si hamira. Alikisia Ubelgiji haitapita watu milioni 6.6, baadaye akasahihisha akasema milioni 9.4. Leo ni zaidi ya milioni 11. Mlinganyo wake ulikuwa mzuri, namba alizoutilia ndizo zilizokuwa chache, na hadi leo hilo ndilo gonjwa la kwanza la uigaji wa kompyuta. Mwaka 1942 Mfaransa Jacques Monod akaongeza mlinganyo wake wa bakteria na chakula, na tangu hapo kazi ikawa ya wahandisi.

Wahandisi wa hapa wameifanya kwa muda mrefu. Georges Bastin na Denis Dochain wa chuo kikuu cha Louvain-la-Neuve, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa, walitoa kitabu mwaka 1990 juu ya jambo linaloonekana dogo: ndani ya tangi huwezi kupima kila kitu. Hewa inayoingia na kutoka unaipima, joto na uchachu unavipima, lakini bakteria wangapi wako hai sasa hivi na wamechoka kiasi gani, huvioni moja kwa moja. Basi unatumia unavyoviona kukisia usivyoviona. Mpishi wa haluwa hana kipima joto. Anatazama samli inavyojitenga pembeni ya sufuria, anasikiliza mlio wa mwiko, anajua. Hawa jamaa waliuandika ujuzi wa namna hiyo kwa milinganyo ili kompyuta iufanye usiku wakati mpishi amelala.

Na haluwa inatufundisha jambo jingine. Mpishi hodari wa sufuria ndogo nyumbani ukimpa lile sufuria kubwa la harusi anaweza kuharibu, kwa sababu moto hauenei sawa, chini kumeungua na juu bado. Tangi nalo ni hivyo. Kwenye chupa ya lita moja, tone la yujinoli linachanganyika mara moja. Kwenye tangi la maelfu ya lita linaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, na katika dakika hiyo bakteria walio karibu na bomba wanakunywa sumu tupu huku wa upande wa pili wana njaa. Ndiyo maana wanaiga pia mwendo wa maji na viputo vya hewa kabla ya kujenga. Ndiyo maana kuna mahali kama Bio Base Europe Pilot Plant kwenye bandari ya Ghent, kama nusu saa kwa treni kutoka hapa, ambapo kampuni isiyo na kiwanda hupeleka bakteria wake wakajaribiwa kwenye matangi ya ukubwa wa kati.

Msinielewe vibaya, sisemi tangi linashinda siku zote. Mfano ulio karibu yetu ni dawa ya malaria. Wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakilima pakanga ya Kichina, mmea unaotoa atemisinini. Wanasayansi wa California wakiongozwa na Jay Keasling waliibadilisha hamira itoe asidi ya kutengenezea dawa hiyo, na mwaka 2013 walitangaza wamefika gramu 25 kwa lita, kazi iliyosifiwa dunia nzima, kwa haki. Sanofi ikaizalisha kwenye kiwanda chake cha Garessio, Italia. Halafu bei ya dawa ya shambani ikashuka chini ya dola 250 kwa kilo, wakati Sanofi hata bila faida ilihitaji dola 350 hadi 400. Kufika 2016 kiwanda kilikuwa kinauzwa. Hesabu ya hamira ilikuwa sahihi, hesabu ya soko ndiyo iliyowaponyoka. Siku hizi wanaojua kazi wanazifunga pamoja: kompyuta haitafuti gramu nyingi kabisa, inatafuta kilo ya bei ndogo kabisa, na humo ndani wameshatia umeme, maji, mshahara, na bei ya malighafi ikipanda na ikishuka.

Kuna na upande wa mkulima wa vanila. Uganda na Comoro wana familia zinazosomesha watoto kwa vanila. Kila kilo ya vanilini ya tangini inayobeba neno "asili" inawabana. Siwezi kushangilia tangi nikajifanya sioni hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba lile tangi lipo tayari na linafanya kazi, tupende tusipende, na linalishwa pumba za mchele. Wala si vanila peke yake. Angalia kabati la manukato nyumbani kwako. Ile harufu ya ambari, ambayo mabaharia wa Oman walikuwa wakiiokota ufukweni, Givaudan ya Uswisi sasa inaitengeneza kwa kuanzia sukari ya miwa iliyochachushwa, wanaiita Ambrofix. Sandali nayo ipo ya kuchachusha. Tunanunua Maskati kwa bei ya heshima vitu ambavyo vilitoka pwani zetu vikapita kwenye hesabu ya mtu mwingine.

Sasa niseme langu. Familia nyingi zinazosoma tovuti hii hazina mikarafuu tena. Mashamba yalichukuliwa baada ya 1964, mengine yaligawiwa, na wengine wetu tulizaliwa Ghuba tukaikuta karafuu kwenye hadithi na kwenye pilau. Mazungumzo yetu juu ya Pemba yamekuwa ya kukumbuka, na sipendi. Tuna vijana wanaosoma, masha'Allah, na tuna uwezo kidogo wa fedha kuliko ndugu zetu waliobaki visiwani. Kisha kijana anasoma sayansi ya kompyuta, anamaliza, na ndoto yake ni programu ya simu ya kuletea watu chakula. Zinatosha hizo. Dada yake anasoma biolojia, anamaliza, anatafuta kazi ya maabara ya hospitali. Hawa wawili wakikaa meza moja ndiyo kazi ninayoizungumzia. Kijidudu peke yake hakitoshi, na msimbo peke yake hautoshi.

Najua atakayejibu. Ami mmoja ataniambia: mwanangu, Pemba umeme unakatika, wewe unaleta habari za matangi ya Ulaya. Hoja yake ina uzito. Tangi likikosa hewa kwa nusu saa mzigo wote unaweza kwenda. Tena karafuu ya Zanzibar mnunuzi wake ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa hiyo hakuna tajiri wa Dubai atakayetua na sanduku la fedha akaanza kesho. Na Indonesia ina karafuu nyingi kuliko sisi mara nyingi, nayo ina yujinoli ya kuuza. Yote kweli. Lakini sikusema tujenge kiwanda. Nimesema sehemu ya gharama kubwa ya kazi hii zamani ilikuwa majaribio, maelfu ya majaribio, na hiyo sehemu ndiyo iliyoshuka bei. Kilichobaki ghali ni tangi, ambalo unaweza kukodi, na kichwa cha mtu, ambacho hukodi rahisi.

Na vyombo vya hesabu ni bure. CasADi, programu ya kutafutia mpango bora wa kulisha tangi na mengine ya aina hiyo, ilianzia chuo kikuu cha Leuven, kilomita zisizofika 30 kutoka Brussels, na yeyote anaipakua bila kulipa baisa. COBRApy, ya kuigia njia za chakula ndani ya seli, nayo bure. Wanaozitumia kwenye makampuni makubwa na mwanafunzi mwenye laptopu ya mkono wa pili wanatumia kitu kile kile. Shule zipo pia. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kinafundisha uhandisi wa kemikali. Unguja kwenyewe, IIT Madras ya India ilifungua tawi lake mwaka 2023 na inafundisha sayansi ya data. Hapa Ubelgiji, shirika la VLIR-UOS lenye ofisi Brussels limekuwa likitoa nafasi za shahada ya uzamili kwa vijana wa nchi ambazo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimo. Mwenye pasipoti ya Oman hatapata hiyo, atalipiwa na baba yake au na serikali yake, lakini binamu yake wa Wete anaweza kuiomba. Mpigie simu umwambie. Saudia nayo ilizindua mkakati wake wa taifa wa bioteknolojia Januari 2024, maana yake baada ya miaka michache watatafutwa watu wa kazi hii Riyadh, na watakaokuwepo ndio watakaochukuliwa.

Hata Tume ya Ulaya, Machi 2024, ilitoa waraka wake wa kuharakisha bioteknolojia na viwanda vyake, kwa hofu kwamba Wamarekani na Wachina wanawapita. Ukiona wenye Leuven na Ghent wanahofia kuachwa nyuma, sisi tujihesabu wenyewe tulipo.

Kama kuna mtu Zanzibar anasoma haya na ana usemi, ombi langu ni dogo kuliko mnavyodhani. Pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo cha ZSTC. Vile vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu, ambavyo kwingine ni taka, vinakamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta ya makonyo sehemu yake kubwa, kwa kawaida zaidi ya asilimia 80, ni yujinoli. Mafuta hayo yanaondoka ndani ya mapipa kama magunia yalivyoondoka. Anzeni na vipimo. Kila pipa liandikwe makonyo yalitoka wapi, msimu gani, yalikaushwa siku ngapi, mvuke ulipita saa ngapi, mafuta yalitoka kilo ngapi, yujinoli asilimia ngapi. Mwaka mmoja wa namba hizo unatosha kwa mwanafunzi wa SUZA au wa pale IIT kujenga uigaji wa kwanza, wa mvuke tu, bila bakteria yeyote: moto kiasi gani na saa ngapi ili kuni zipungue na mafuta yaongezeke. Kazi hiyo inalipa yenyewe hata vanilini isipotokea kamwe. Namba zikishakuwepo, lita tano za mafuta hayo zinaweza kuletwa kwenye maabara ya huku, na kijana wetu akaja nazo yeye mwenyewe, na daftari lake mkononi.